Sura ya 5: Nani Kamtuma Simba?

Nakala ya kwanza ya riwaya ya Mzimu wa Watu wa Kale niliyoisoma haikuwa na mwisho. Jalada lilishachanika zamani, na mahali pake palishonwa kipande cha mfuko wa saruji kwa uzi wa gunia. Kurasa za mwisho, kama nane au tisa, hazikuwapo. Zilikwenda wapi? Katika bweni la wavulana, miaka ile ambayo hata sabuni ilikuwa ya kupanga foleni, swali hilo halikuhitaji mpelelezi.

Basi maiti tulikuwa nayo, mzimu tulikuwa nao, mpelelezi Bwana Msa na kiko chake tulikuwa naye, ila muuaji hatukuwa naye. Usiku, taa zikishazimwa, tuliketi vitandani tukaendesha kesi wenyewe. Mmoja akamtaja mrithi, kwa hoja kwamba anayefaidika ndiye anayeua. Mwingine akasema ni yule anayelia kuliko wote msibani. Mwenzetu mmoja, ambaye kwao ni Ilongero, kaskazini ya mji wa Singida, alisubiri tumalize kelele zetu, kisha akasema mambo mawili. La kwanza, mzimu hauui kwa kisu. La pili, hata simba haui kwa kisu, ila bibi yake alikuwapo enzi za simba walioua kwa visu.

Bweni zima likanyamaza. Hivyo ndivyo nilivyosikia kwa mara ya kwanza habari za watu-simba wa Singida, katikati ya ubishi wa riwaya, na tangu siku hiyo sijaweza kusoma hadithi ya upelelezi bila kuyakumbuka mabua ya uwele ya huko Singida.

Turudi basi mwaka 1946. Wilaya ya Singida ina simba wa kweli, si wa masimulizi. Watu wanakaa kwenye nyumba za tembe zenye paa la udongo, mifugo ndani, mlango mmoja. Nje kuna mashamba ya uwele na mtama yaliyokwenda juu kuliko kimo cha mtu, na vichaka vinavyofika mpaka uani. Mtoto anapelekwa machungani, mwanamke anatoka kuchota maji. Jioni harudi. Anapookotwa, mwili umeraruliwa. Ofisi ya serikali ina jibu lake tayari: kauawa na simba. Daftari linafungwa.

Wenyeji hawakuwa wakisema hivyo. Walisema simba hao wana wenyewe. Kwa maelezo yao, kulikuwa na watu waliofuga watu: vijana waliofichwa, wakafundishwa kwenda kama mnyama, wakavikwa ngozi ya simba, kisha wakakodishwa kwa yeyote aliyetaka jirani yake au ndugu yake aondoke duniani. Halikuwa jambo jipya. Mauaji ya aina hiyohiyo yalishaitikisa wilaya karibu na mwaka 1920. Mwaka 1946 na 1947 yakarudi, na safari hii serikali ya kikoloni ilipoacha kutazama nyayo ikaanza kutazama majeraha, ikalazimika kukiri kwamba wenyeji hawakuwa wakiota. Watu wakakamatwa, wakashtakiwa kwa mauaji, na baadhi yao wakanyongwa.

Mwaka 1950 A. W. Wyatt aliandika makala juu ya mkasa huo katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Miaka 12 baadaye, katika jarida hilohilo, Harold Schneider, mwanaanthropolojia wa Marekani aliyekuwa amekaa na Wanyaturu wa Singida na kuchunguza maisha yao, akalifufua faili kwa kuandika tathmini mpya. Nitarudi kwake.

Kwanza twende Njombe, kwa sababu katika miaka hiyohiyo ya 1940 nyanda za kusini zilikuwa na mkasa unaofanana na huu kama sura na kioo. Simba walikuwa wakila watu, na makadirio yanayotajwa mara nyingi yanapita watu 1,000 katika muda wa miaka kama 15. Huko nako wananchi walisema simba wana mwenyewe. Walimtaja mganga aliyeitwa Matamula Mangera, aliyekuwa amevuliwa cheo chake, wakasema anawatuma simba kulipiza kisasi. Bwana nyama aliyepelekwa huko, George Rushby, akawasaka simba hao na kuwapiga risasi mmoja baada ya mwingine mpaka vifo vikakoma. Simba walikuwa simba. Ila hata hivyo wako waliosimulia kwamba mauaji yalikwisha kwa sababu Matamula alirudishiwa cheo chake, na bunduki ya Rushby haikuwa na lolote. Hadithi moja, miisho miwili, na kila mtu akaondoka na mwisho alioupenda.

Angalia mkao wa mikasa hii miwili. Njombe watu walinong'ona kwamba nyuma yake yuko binadamu, jibu likawa mnyama. Singida maofisa waliandika mnyama, jibu likawa binadamu. Mwandishi wa riwaya angebuni jambo hili angeambiwa kazidisha chumvi.

Na fasihi ya upelelezi ya dunia imesimama juu ya nguzo hizohizo mbili. Hadithi ambayo wengi huihesabu kuwa ya kwanza ya fani hii aliitoa Mmarekani Edgar Allan Poe mwaka 1841. Wanawake wawili, mama na binti yake, wanauawa kikatili katika nyumba iliyofungwa jijini Paris. Mashahidi walisikia sauti, na kila mmoja anaapa ni ya lugha ya kigeni asiyoijua. Mpelelezi Dupin anapima kila kitu, akafikia jibu ambalo polisi wasingelifikia kamwe: muuaji ni nyani mkubwa, orangutani aliyeletwa na baharia kutoka Borneo. (Najua nimekuharibia utamu. Lakini hadithi ina zaidi ya miaka 180. Muda wa kuisoma ulipewa.) Hiyo ni Njombe.

Miaka 60 baadaye Arthur Conan Doyle akaandika The Hound of the Baskervilles, ambamo ukoo mmoja unaamini unaandamwa na mbwa wa kuzimu anayewaka moto kinywani. Mpelelezi wake, Sherlock Holmes, hakubishana na mtu juu ya kuzimu. Alitafuta nani amemnunua mbwa huyo na nani amempaka fosforasi. Hiyo ni Singida, neno kwa neno: mnyama yupo, ila ana mwenyewe.

Baadaye Wazungu wakaichoka habari ya mizimu. Mwaka 1929 padri Mkatoliki wa Uingereza, Ronald Knox, aliyekuwa pia mwandishi wa hadithi za aina hii, alitunga amri 10 za riwaya ya upelelezi, na mojawapo ilipiga marufuku nguvu zozote za kimiujiza kutumika kama jibu. Kwake lilikuwa jambo la kufagia uwanja kabla mchezo haujaanza. Agatha Christie, aliyejifunza sumu akifanya kazi kwenye duka la dawa la hospitali wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, hakuhitaji kumshawishi msomaji wake kwamba sumu imewekwa na mtu. Swali lilikuwa moja tu, ni yupi kati ya hawa waliokaa mezani.

Kwetu uwanja haukuwa umefagiwa. Na hapa ndipo ninapomwona Muhammed Said Abdulla, mwandishi wa Mzimu wa Watu wa Kale, kuwa mkubwa kuliko anavyopewa.

Alizaliwa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918. Kabla ya kuwa mhariri wa magazeti, na kabla ya kuliongoza gazeti la Mkulima kwa miaka kama 10, alifanya kazi katika idara ya afya kama mkaguzi. Watu wa umri wangu watamkumbuka mtu huyo kwa jina lake la mtaani: bwana afya. Ndiye anayefunua kifuniko cha pipa lako la maji, anayechungulia kisimani na chooni, anayekuuliza maswali ambayo mgeni mwenye adabu hayaulizi. Mtaa mzima unasema mtoto karogwa. Bwana afya anauliza maji ya kunywa mnachota wapi.

Holmes alizaliwa katika kichwa cha daktari. Bwana Msa alizaliwa katika kichwa cha bwana afya, na ukilijua hilo riwaya zake zinasomeka upya. Mzimu wa Watu wa Kale ilipata ushindi wa kwanza katika mashindano ya uandishi ya East African Literature Bureau ya mwaka 1957 na 1958, ikachapishwa mwaka 1960. Mwenye shamba tajiri anakutwa ameuawa mahali penye mzimu, mahali ambapo watu hupeleka nadhiri zao na hawapendi kupita peke yao. Inspekta Seif yupo na sheria yake. Najum yupo, rafiki wa Bwana Msa, akistaajabu kwa niaba yetu sote. Bwana Msa anapuliza moshi, anazungumza na watu, anasikiliza umbea kama unavyosikilizwa, yaani bila kuuamini na bila kuudharau. Mwaka 1968 ikafuata Kisima cha Giningi. Mzanzibari yeyote akisikia Giningi anajua ni wapi: ndiko wachawi wanakokutana. Bwana afya huyo amekwenda tena kuchungulia kisima ambacho wenzake wanakiogopa. Halafu Duniani Kuna Watu mwaka 1973, Siri ya Sifuri mwaka 1974, Mke Mmoja Waume Watatu mwaka 1975, Mwana wa Yungi Hulewa mwaka 1976, na ya mwisho, Kosa la Bwana Msa, mwaka 1984.

Wahakiki wengi wamemfunga Abdulla kwa sentensi moja: kamwiga Conan Doyle. Ni kweli kamwiga, na hakuficha. Kiko ni kilekile cha Holmes, na Najum ni Watson, yule rafiki wa Holmes, aliyevaa kanzu. Lakini Holmes alikuwa na mpinzani mmoja tu katika kazi yake, polisi mzito wa akili. Bwana Msa alikuwa na mpinzani ambaye Holmes hakuwahi kumjua, naye ni mganga wa ramli.

Mganga na mpelelezi wanagombea mteja mmoja. Wote wawili wanaulizwa swali moja, nani kafanya. Wote wawili wanatakiwa kutaja jina. Tofauti ni kwamba mganga anakupa jina bila njia; anapiga bao, anatazama, anakuambia ni mama mdogo wako, yule anayekaa nyumba ya mwisho. Mpelelezi anakupa njia kwanza, hatua kwa hatua, na jina linakuja lenyewe mwishoni. Ndiyo maana riwaya isiyo na kurasa za mwisho bado ina faida, na ramli isiyo na jina haina faida yoyote.

Huu si mchezo wa maneno. Sheria ya uchawi ya Tanganyika, iliyotungwa mwaka 1928 na ambayo bado tunayo, inalifanya kosa jambo la kumtaja mtu kuwa ni mchawi. Watunga sheria walijua jina likishatajwa kinachofuata ni nini. Katika mikoa jirani na Singida, Shinyanga hasa, vikongwe wameuawa kwa panga kwa ushahidi wa macho mekundu, macho yaliyofanywa mekundu na miaka 60 ya moshi wa kuni na samadi. Jirani aliyekuwa na bwana afya kichwani mwake angeuliza bibi huyu anapikia nini. Sidhani kama riwaya inaweza kumwokoa bibi mmoja. Ninachosema ni kwamba Abdulla aliandika juu ya ugonjwa huohuo, na akauandika kwa kuchekesha, jambo ambalo ni gumu zaidi.

Bara walikwenda njia nyingine. Mwaka 1965 Faraji Katalambulla alitoa Simu ya Kifo, na mzimu ukatoweka kabisa. Ni jiji, ni simu, ni Inspekta Wingo mwenye mshahara wa serikali. Nayapita haraka mengi yaliyofuata, kwa sababu mengi yanastahili kupitwa haraka: miaka ya 1970 na 1980 kila kibanda cha magazeti kilijaa vijitabu vyenye msichana na bastola juu ya jalada, na yaliyomo ndani yalikuwa mara nyingi ni hayohayo mawili. Walimu wetu waliviita riwaya pendwa, kwa sauti ya mtu anayetaja maradhi. Eddie Ganzel hakustahili dharau hiyo. Ndoto ya Mwendawazimu, ya mwaka 1972, ina mwendo wa kasi ambao waandishi wetu wa maana wa wakati ule wangeweza kujifunza. Elvis Musiba naye akamleta Willy Gamba katika Kufa na Kupona, mwaka 1974. Gamba si mpelelezi wa kifo cha mtu mmoja. Ni jasusi, na anayemfukuza ni adui wa ukombozi wa kusini mwa Afrika, enzi ambazo Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) ilikuwa na makao yake Dar es Salaam na hofu ya wapelelezi wa makaburu ilikuwa hofu ya kweli.

Swali lilikuwa limegeuka kidogo, umeliona? Aliyeshika bastola si kitu. Nani kamtuma.

Ben Mtobwa ndiye aliyelishika swali hilo akalisokota mpaka likatoa maji. Alizaliwa mwaka 1958, akafariki mwaka 2008, na katikati ya miaka hiyo 50 alimpa msomaji wa Kiswahili Joram Kiango, mpelelezi wa kujitegemea, mtanashati, mwenye mdomo mtamu, pamoja na Nuru, mwanamke ambaye mara nyingi ana akili kumzidi. Inspekta Kombora wa polisi anabaki na hasira zake. Nimesoma Salamu kutoka Kuzimu, Tutarudi na Roho Zetu na Najisikia Kuua Tena zaidi ya mara moja kila kimoja, na nakiri kwamba Joram ananichosha anapokuwa hodari kupita kiasi. Bwana Msa angalau aliruhusiwa kukosea, hata akaandikiwa kitabu kizima juu ya kosa lake. Lakini Mtobwa alikuwa na kitu ambacho Abdulla hakukijali sana, ghadhabu juu ya mali isiyoelezeka. Pesa Zako Zinanuka ilitoka mwaka 1984, mwaka mmoja baada ya kampeni ya kuwasaka wahujumu uchumi, wakati watu walikuwa wakitupa magunia ya bidhaa usiku ili wasikutwe nayo. Jina hilo la kitabu lilikuwa tayari midomoni mwa nchi nzima. Mtobwa alikwenda mbali zaidi, akawa mchapishaji kwa kampuni yake ya Heko, ili asimngoje mtu amwambie kama wasomaji wapo. Walikuwepo. Vitabu vyake navyo vilishonwa kwa uzi wa gunia vikasomwa mpaka herufi zikafutika.

Kwa hiyo mwenye mnyama alibadilika sura tu. Kwa Abdulla yumo katika ukoo, katika mirathi na nasaba zilizofichwa. Kwa Musiba yuko nje ya mipaka. Kwa Mtobwa mara nyingi ni kigogo ambaye jioni anapeana mkono na waziri. Ngozi ya simba inavaliwa na mwingine.

Na Singida? Wale waliokamatwa na kunyongwa, walikuwa mikono tu, au ndio wenye simba? Hapo ndipo Schneider alipoingia. Katika kazi yake ya mwaka 1962, na tena katika makala aliyoitoa mwaka 1982, hakuridhika na picha ya ukatili usio na sababu. Aliyahusisha mambo ya watu-simba na mvutano kati ya wanaume na wanawake katika jamii ya Wanyaturu: nani ana mamlaka nyumbani, nani anaogopwa, na hofu hiyo inamnufaisha nani. Unaweza kumkubali au kumkataa. Mimi nusu namkubali. Naona ameeleza vizuri kwa nini watu waliamini, kuliko alivyoeleza kwa nini fulani alikufa siku fulani. Lakini amefanya alichofanya Bwana Msa. Amekataa kufunga daftari kwa sababu tu muuaji amepatikana.

Kurasa zile nane au tisa nilikuja kuzisoma nikiwa mtu mzima, nimeketi kando ya Ziwa Singidani, na nakala nzima niliyoinunua mtumba jijini Dar es Salaam. Muuaji hakuwa yule niliyemtetea bwenini. Yule wa Ilongero, aliyesema mzimu hauui kwa kisu, alikuwa amelikaribia jibu kuliko sisi sote.

Aliyekuwa na miaka 10 mwaka 1946 amekaribia miaka 90 sasa. Kama uko Singida mjini, Ikungi, Ilongero au Mtinko, na nyumbani kwenu yuko mzee wa umri huo, mpelekee uji wake, kaa naye chini, muulize alikuwa wapi wakati wa simba, na uandike anachosema kabla hujaanza kubishana naye.